Jina la Abiria

Isihaka alizaliwa Marambo, upande wa Nachingwea, akaoa Narung'ombe, upande wa Ruangwa, na kama walivyofanya baba yake na babu yake, alifunga nguo zake kwenye salfeti akahamia kwa wakwe. Hakuona unyonge wowote. Kwao mwanamume huifuata nyumba ya mke, hujenga kwenye kiwanja cha mama mkwe, na huishi hapo kama mgeni ambaye hakuna anayemkumbusha kuwa ni mgeni. Msimu wa kupulizia mikorosho alivaa mashine mgongoni akapita shamba kwa shamba, ya kwake na ya watu, akarudi jioni amejaa salfa ya njano hadi kwenye kope. Mkewe, Hafidha, alimsubiri mlangoni na ndoo ya maji akicheka.

"Leo umekuja na jua lako mwenyewe," alikuwa akimwambia.

Jambo moja tu lilitakiwa kwake pale ukweni, nalo ni heshima kwa mama mkwe. Hakula mbele yake. Wakikutana njiani, yeye ndiye aliyeingia majanini akasimama akitazama pembeni mpaka kanga ya mama imepita. Akiwa na neno la kumwambia, alimtuma Hafidha, au Shakila, mdogo wake Hafidha. Na jina la mama huyo hakulitaja. Hakuna aliyemkataza, kama ambavyo hakuna anayemkataza mtu mzima kuvua nguo sokoni. Huko Marambo alikuwa na mpwa aliyepewa jina hilo hilo, na tangu siku ya ndoa Isihaka alimwita mpwa huyo "wewe mtoto". Mpwa akakua, akaolewa, akazaa. Bado ni "wewe mtoto". Watu walicheka, lakini wazee walipomsikia walitikisa kichwa kwa kuridhika. Mkwe wa namna hiyo, walisema, siku hizi hapatikani.

Hafidha aliugua tumbo tangu wakati wa kupalilia. Lilivimba kidogo kidogo, likawa gumu upande mmoja kama mtu aliyemeza jiwe. Hospitali ya wilaya ikampeleka ya mkoa, ya mkoa ikasema Dar es Salaam. Kaka yake, Rahimu, anayeishi Mbagala, alikuja kumchukua kwa basi. Isihaka aliwasindikiza mpaka Nanganga, pale barabara ya Ruangwa inapoungana na lami kubwa. Hafidha alikaa dirishani. Alimwonyesha kwa kidole shati lake, kwamba amefunga vifungo vibaya, kisha gari likaondoka.

Wiki iliyofuata mvua iliharibu kila kitu. Huko mbele, upande wa Kilwa, maji yaling'oa daraja, na barabara ya Dar ikakatika. Mabasi yakalala. Bei ya sukari ikapanda. Na Rahimu akapiga simu.

"Shemeji, madaktari wanataka kumpasua. Wanasema haraka. Yeye hataki."

"Hataki kwa nini?"

"Anasema hapandi kitanda kile mpaka mama aje amshike mkono. Nimebembeleza, nimegomba, hataki. Tena wodi ya wanawake mimi siruhusiwi kulala, na mke wangu ndiyo kajifungua juzi. Yuko peke yake mle ndani, shemeji. Mleteni mama."

"Barabara haipo, Rahimu."

"Ndege ipo. Mtwara."

Ndege. Narung'ombe nzima aliyewahi kupanda ndege ni mmoja, aliyekwenda Makka, naye aliisimulia mpaka watoto wakawa wanamsahihisha. Lakini Isihaka hakuwa mtu wa kukaa. Jumatano ile ile alikwenda Ruangwa mjini ambako mtandao una nguvu, akakaa kwenye ngazi za jengo moja, akanunua bando, akafungua tovuti ya kampuni ya ndege kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Alipapasa, akakosea, akarudi nyuma, ukurasa ukaganda, ukamtoa, akaanza tena. Aliiona Jumamosi, Mtwara kwenda Dar, viti vipo. Akashukuru Mungu kwa sauti.

Kisha ukurasa ukamuuliza jina la abiria. Jina la kwanza hapa, jina la ukoo pale.

Kidole chake kilisimama juu ya kioo. Mtu aliyekuwa naye muda mrefu angejua kilichopita moyoni mwake. Alitazama kulia na kushoto kama mtu anayetaka kuiba embe. Halafu akaandika, kwa utulivu na kwa adabu, kama anavyoitwa mama huyo na karibu kila mtu kuanzia Narung'ombe hadi Nachingwea, kwenye misiba, zahanati na mizani ya ufuta. Jina la kwanza: Mama. Jina la ukoo: Hafidha.

Alilipa kwa simu. Ujumbe ukaingia kwamba tiketi imekubaliwa. Alirudi nyumbani akamtuma Shakila kwa mama: aambiwe Jumamosi anakwenda kwa mwanawe. Kutoka nyuma ya nyumba alisikia mama mkwe akishangilia kidogo, kisha akilia, na alipofikiria kuwa ni yeye aliyefanikisha jambo lile, alijisikia mwanamume.

Alhamisi alirudi mjini kuchapisha tiketi kwenye duka la steshenari la Klementina. Klementina alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, muumini wa parokia, anayeuza madaftari, anayepiga picha za pasipoti na kuwajazia watu maombi ya kazi. Karatasi ilipotoka kwenye mashine aliitazama, akaitazama tena.

"Kaka Isihaka, huyu abiria ni nani?"

"Mkwe wangu."

"Kitambulisho chake cha taifa kinasema Mama Hafidha? Alibatizwa Mama?"

"Ndivyo anavyoitwa."

Klementina alicheka mpaka akashika kaunta, lakini alipoona uso wa Isihaka alinyamaza. "Kaka, watamzuia mlangoni. Pale jina la tiketi na la kitambulisho wanayalinganisha. Wapigie huduma kwa wateja wabadilishe, mapema. Jumamosi viti bado vipo, nimeona hapa."

Kwanza walijaribu kuandikiana nao. Kwenye tovuti kulikuwa na dirisha dogo, na ndani yake msaidizi ambaye si mtu.

"Habari! Naweza kukusaidia nini leo?"

Isihaka aliandika: Nimekosea jina la abiria naomba kubadilisha ni mkwe wangu anakwenda kwa mgonjwa.

"Hongera kwa safari yako! Je, ungependa kuongeza mzigo?"

Aliandika: Hapana. Jina.

"Samahani, sijaelewa. Chagua moja kati ya haya: mzigo, chakula, kiti cha dirishani."

"Mtukane," alisema Klementina. "Labda ataamka."

Wakapiga simu. Muziki ukapigwa, sauti ya kike ikawaambia kwamba simu yao ni muhimu sana, muziki ukarudi. Salio likaisha katikati ya muziki. Klementina akamuuzia vocha, wakaanza upya kutoka mwanzo wa wimbo. Mwisho akatokea mtu wa kweli, akasema anaitwa Dafrosa, sauti yake nzuri na ya kuchoka. Isihaka alimweleza.

"Sawa, baba. Nipatie jina kamili la abiria kama lilivyo kwenye kitambulisho."

"Ni huyo Mama Hafidha."

"Hilo ndilo ninaloliona hapa. Nataka jina lake mwenyewe."

"Ni mkwe wangu."

"Nimekuelewa, baba. Anaitwa nani mkwe wako?"

Isihaka alifungua mdomo. Alilijua jina lile kama anavyojua njia ya kisimani. Alilisikia kila siku vinywani mwa wazee wenzake mama, lilikuwa jina fupi, rahisi, la kawaida. Lilifika kwenye ulimi likakaa hapo.

"Mimi siwezi kulitaja," alisema polepole. "Ni mama wa mke wangu, dada. Muulizeni mtu mwingine."

"Aliyekata tiketi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi mabadiliko nazungumza na aliyekata tiketi peke yake. Ni kwa usalama wa taarifa za mteja."

Klementina alinyakua simu. "Dada, jina huyu baba hawezi kulisema, ni mila zao. Subiri kidogo tutafute..."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mwenye duka."

"Samahani, mama. Kuna kingine naweza kukusaidia?"

Simu ikakatika. Papo hapo ikaingia meseji ikimwomba Isihaka aipe huduma aliyoipata alama, kuanzia moja hadi tano.

"Lakini kweli, kaka," Klementina alisema, sasa bila mzaha. "Mkeo yuko kitandani. Litaje tu. Nani atakusikia hapa? Mimi nitaziba masikio."

"Wewe Klementina, ungevua nguo mbele ya padri wenu?"

"Kama nyumba inaungua, ndiyo."

Isihaka alikunja tiketi ile isiyo na mtu akaitia mfukoni. Njiani kurudi, kwenye pikipiki, alijaribu. Upepo ulikuwa mkali, dereva alikuwa na kofia ngumu, asingesikia. Alifungua mdomo, upepo ukaingia ndani, na hakuna kilichotoka. Alijiambia kesho itapatikana njia. Kwamba kitambulisho kikifika mjini, watu wa ndege wataona wenyewe kwa macho.

Kwa hiyo Ijumaa, ambayo ilikuwa Mei Mosi, walikwenda wote watatu: Isihaka mbele, na nyuma yake Shakila na mama, kwa umbali unaotakiwa. Mama alikuwa amebeba mfuko wa nguo tayari kwa safari, na ndani yake unga wa muhogo, kwa sababu Hafidha alisema uji wa hospitali hauna ladha. Alisimama nje ya duka, kwenye kibaraza, akiwa amewapa mgongo, kanga kichwani.

Shakila alitoa kitambulisho. Klementina alikipiga picha akakituma kwa barua pepe, pamoja na maelezo mazuri aliyoyaandika kama barua ya kuomba kazi. Jibu lilikuja kabla hajamaliza kufuta kioo cha simu yake: Tumepokea ujumbe wako. Kutokana na sikukuu, ofisi zetu zitafunguliwa Jumatatu.

"Ndege ni kesho," alisema Shakila. "Shemeji, ndege ni kesho."

Wakati huo Rahimu alipiga. Hakusalimia. "Mnakuja? Maana leo hakula. Daktari amenigombeza mimi, kama mimi ndiye niliyemficha mama wa watu."

"Kesho," alisema Isihaka. "Mwambie kesho."

Wakapiga tena kwa watu wa ndege. Muziki. Safari hii alitoka mwanamume, ambaye hakujua lolote kuhusu jana, akamwomba aanze upya. Isihaka alianza upya. Kitambulisho kilikuwa mkononi mwake, na alikishika kwa ncha za vidole kama kitu cha moto.

"Jina la abiria, baba?"

Shakila alitazama chini. Isihaka aligeuka ukutani, akaziba mdomo kwa kiganja kama mtu anayekohoa, akalitaja.

"Sikusikii, baba. Mtandao. Ongeza sauti."

Akalitaja tena.

"Bado unakatika. Toka nje kidogo."

Akatoka nje. Kibarazani, hatua chache kutoka kwa mgongo wa mama mkwe, mbele ya waendesha pikipiki na kinyozi na wanawake wa nyanya, Isihaka alilipaza jina la mama wa mke wake kama mtu anayenadi samaki. Mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu jina la kwanza, la baba na la babu. Kinyozi alizima mashine yake. Mzee mmoja wa Narung'ombe aliyekuwa akinunua betri alisema, "Aa!" kama mtu aliyekanyagwa. Mama mkwe hakugeuka. Kanga yake ilitikisika kidogo tu mabegani.

"Asante, sasa nimekupata," ilisema sauti. "Samahani kwa usumbufu. Ninaona hapa ni jina jingine kabisa, siyo kosa dogo la herufi. Mfumo unahesabu huyu ni abiria mwingine, kwa hiyo halibadilishwi. Itabidi ukate tiketi mpya."

"Ile niliyolipa?"

"Hiyo hairudishwi."

"Na kesho?"

Vidole vikagonga mahali fulani huko mbali. "Kesho imejaa, baba, watu ni wengi kwa sababu ya barabara. Kuna kiti Jumanne."

"Jana vilikuwepo!"

"Ndiyo, baba. Jana. Kuna kingine naweza kukusaidia?"

Isihaka aliendelea kushika simu sikioni muda mrefu baada ya mtu yule kuondoka. Klementina alitoka na kiti cha plastiki, akamkalisha mama mkwe, kisha akarudi ndani. Na kwa sababu hakuna mwingine wa kutafuta nauli ya pili, Isihaka alimpigia Bilali, jirani aliyekuwa akiitamani mashine yake ya kupulizia tangu mwaka jana, wakakubaliana bei, pesa ikatumwa kwa simu, na kabla ya adhuhuri tiketi ya Jumanne ilikuwa imekatwa. Safari hii Klementina ndiye aliyeandika jina, akilisoma kwenye kitambulisho herufi baada ya herufi, kimya.

Jioni Rahimu alimweka Hafidha kwenye simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Wamesema umepiga kelele Ruangwa," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Shakila. Pole, baba watu." Alicheka kidogo, akaacha, kicheko kilimuumiza. "Jumanne siyo mbali. Nitasubiri."

"Usisubiri, Hafidha. Wakubalie hao madaktari. Mama atakukuta umeamka."

"Na nisipoamka? Nitakuwa nimekwenda bila kumwona. Nitasubiri."

Alisubiri Jumamosi. Alisubiri Jumapili.

Jumatatu walipanda gari kwenda Mtwara ili wakalale kwa ndugu karibu na uwanja. Shakila alibaki nyumbani na watoto wa dada yake. Isihaka alikaa mbele na dereva, mama mkwe kiti cha nyuma kabisa, na kati yao walikuwepo abiria wengine na kuku wawili. Nanganga gari lilisimama kusubiri watu. Abiria walishuka kununua mahindi ya kuchemsha. Simu ikaita, na Isihaka alipoona ni Rahimu akashuka, akaenda kusimama nyuma ya gari.

Rahimu hakuwa na maneno mengi. Kile kilichokuwa tumboni kilipasuka chenyewe alfajiri. Walimkimbiza chumba cha upasuaji bila kumuuliza tena. Hakurudi. Maiti haiwezi kupita barabarani, kwa hiyo atazikwa huko huko. Wanawake wa mtaani watamkosha, lakini watamsubiri mama mpaka kesho.

Isihaka alirudi ndani ya gari. Hapakuwa na Shakila. Hapakuwa na mtu yeyote wa kumtuma. Alipita katikati ya viti vitupu hadi nyuma, akachuchumaa sakafuni mbele ya mama mkwe, macho yake kwenye miguu ya mama iliyovaa viatu vya kandambili vipya, vilivyonunuliwa kwa ajili ya ndege, na kwa mara ya kwanza tangu aoe akamsemesha mwenyewe kwa kinywa chake.

"Mama. Hafidha ametutoka."

Mama hakupiga kelele. Alivuta kanga ikafunika uso, akainama mpaka paji la uso likagusa mfuko wa unga. Alikaa hivyo. Watu walianza kurudi na mahindi yao, wakaona, wakasimama nje wakisubiri. Dereva alimuuliza Isihaka kwa sauti ya chini kama wageuze.

Mama ndiye aliyejibu, kutoka ndani ya kanga. "Twende. Nikamkoshe mwanangu."

Asubuhi uwanjani walisimama kwenye mstari. Mlinzi mlangoni alichukua tiketi na kitambulisho, akalinganisha, akatazama uso wa mama, akarudisha. Kila kitu kilikuwa sawa. Alisema asiye na tiketi aishie pale.

Isihaka alimpa mfuko wake kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Mama aliupokea. Hakuingia mara moja. Nyuma yao mtu alikuwa akihimiza, lakini yeye alibaki amesimama, na alipozungumza sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa kama ya mtu anayeuliza kitu ambacho kimemsumbua usiku mzima.

"Ungeliandika tu siku ile, baba," alisema. "Kuandika, mimi ningesikia?"

Kisha akapita, na mlango wa kioo ukajifunga. Isihaka alisimama akitazama ndani. Alimwona akivua kandambili zake na kuziweka kwenye ule mkanda unaotembea, akitembea peku, akiuliza njia kwa mtu asiyemjua.

Mlinzi akamwambia asogee, anaziba mlango.